Karatasi ilisema hatari ni ndogo: kisa cha presha ya mimba Dodoma

Kisa hiki kinatumika kufundishia wauguzi wakunga na madaktari walio kwenye mafunzo ya vitendo. Umri, kazi, umbali na baadhi ya tarehe vimebadilishwa, na majina ya vituo yameondolewa. Mhusika ameridhia kisimuliwe.

Mama na historia yake

Mama wa miaka 37, mtumishi wa ofisi ya umma iliyohamishiwa Dodoma kutoka Dar es Salaam. Ana mume na mtoto mmoja wa miaka 9. Mimba ya pili ilimkuta akiwa karibu kusafiri kwenda Marekani kwa kozi ya kazini ya miezi kadhaa, kwa hiyo kliniki aliianzia huko huko.

Kule alijaza fomu ndefu ya historia ya afya. Palipoulizwa kama amewahi kuugua pre-eklampsia, yaani presha ya mimba inayodhuru viungo kama figo na ini, alijibu hapana, na kwa ufahamu wake alikuwa anasema kweli. Mimba ya kwanza alijifungulia mkoa mwingine, kadi yake ilipotea wakati wa kuhama nyumba, na maneno aliyokumbuka kuambiwa ni kwamba "presha ilipanda kidogo" wakamwanzishia uchungu mapema.

Kwa kuwa umri wake ulikuwa umepita miaka 35, alishauriwa kufanya kipimo kipya cha damu. Kinasoma vipande vya RNA, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi, vinavyotoka kwenye kondo la nyuma na kukadiria uwezekano wa kupata presha ya mimba. Damu ilichukuliwa wiki ya 18, na majibu yalikuja yakisema hatari ya chini. Akayachapisha, akayatia kwenye bahasha, akarudi nayo nyumbani.

Kipimo cha namna hii kinatazama nini

Pre-eklampsia huonekana baada ya wiki ya 20, na mara nyingi miezi ya mwisho, lakini mzizi wake uko mbali zaidi. Katika wiki za mwanzo seli za kondo ziitwazo trofoblasti hujipenyeza kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuibadilisha mishipa midogo ya ateri iliyojipinda, ili iwe mipana, ilegee, na ipitishe damu nyingi bila kubanwa. Kazi hiyo ikifanyika nusunusu, kondo hupata damu isiyotosha. Likizidiwa, humwaga kwa wingi kwenye damu ya mama protini inayotengenezwa kwa jeni ya FLT1, iitwayo sFlt-1. Protini hiyo huikamata nyingine, PlGF, ambayo kuta za mishipa ya mama huihitaji ili zikae salama. Hapo ndipo presha inapanda, figo zinavujisha protini, kichwa kinauma, na ini na ubongo vinaingia hatarini. Uhusiano huu wa sFlt-1 na ugonjwa ulielezwa vizuri mwaka 2003, na mwaka 2017 utafiti mkubwa wa vinasaba ulionyesha kwamba tofauti zilizo karibu na jeni ya FLT1 katika mwili wa mtoto, si wa mama, zinahusiana na ugonjwa huu.

Sasa, jeni zote zimo ndani ya kila seli ya kondo, ila si zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Kila mkazi yumo kwenye daftari la mtaa, lakini RNA ndiyo inayoonyesha nani kaja kwenye mkutano leo. Ukiweza kuisoma RNA ya kondo mapema, unaona kazi ya ndani inavyokwenda kabla mashine ya presha haijaona kitu. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya vipande vya kondo vilivyochukuliwa miezi mitatu ya kwanza kwa sababu nyingine za kitabibu. Walilinganisha wanawake 4 waliokuja kuugua baadaye na 8 ambao hawakuugua, wakakuta jeni 36 zilizokuwa zikifanya kazi kwa kiwango tofauti, miezi takriban sita kabla ya dalili. Wanawake 12 ni wachache mno kwa kumpa mtu ushauri, lakini wazo lilishika.

Kukata kipande cha kondo kwa sindano ili tu kubashiri presha hakuna anayekubali, kwa sababu kitendo chenyewe kinaweza kuitoa mimba. Ndiyo maana macho yakahamia kwenye damu ya mama, ambako kondo hudondosha RNA yake kila siku. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha tafiti mbili. Moja ilitumia jeni 18 kutoka kwenye damu iliyochukuliwa kati ya wiki ya 5 na ya 16. Nyingine, yenye mimba 1,840, iliwatambua asilimia 75 ya waliokuja kupata pre-eklampsia, na kati ya walioambiwa wako hatarini, asilimia 32 ndio waliougua kweli. Tutazirudia namba hizi mbili, kwa sababu kosa la kisa hiki limelala hapo.

Wiki ya 21: maswali ya mkunga

Aliporudi Dodoma alikwenda kliniki akiwa na bahasha yake. Presha 118/74, mkojo safi, ultrasaundi inaonyesha mtoto anakwenda vizuri. Kwa haraka ya foleni ya Jumatatu angeweza kuandikiwa vidonge vya damu na tarehe ya mwezi ujao, mambo yakaisha.

Mkunga aliyempokea ni wa siku nyingi. Hakuuliza kama amewahi kuugua pre-eklampsia. Mazungumzo yao, kama mkunga alivyoyasimulia kwenye kikao chetu cha kupitia kisa hiki, yalikwenda hivi:

"Mama, ile mimba ya kwanza, walikuchoma sindano makalioni?"

"Ndiyo, dada. Mbili. Nilishindwa kukaa siku nzima."

"Na kwenye mshipa je?"

"Walinichoma polepole sana, nikasikia joto linapanda mwili mzima mpaka usoni. Nilidhani nakufa."

"Wakawa wanakugonga magoti na kakinyundo?"

"Eeh! Umejuaje?"

Mkunga alijua kwa sababu hiyo ni magnesiamu salfeti, dozi ya kuanzia: gramu 4 polepole kwenye mshipa, kisha gramu 5 kila kalio. Magoti hugongwa ili kuona kama dawa haijazidi. Hakuna mkunga wa nchi hii anayempa mama dawa hiyo kwa presha iliyopanda kidogo. Hutolewa kwa kifafa cha mimba au kwa mama anayekikaribia. Kwa maswali matatu mimba ya kwanza ilibadilika sura, na mama akawa mmoja wa wale ambao mwongozo wowote utakaoufungua unawaweka kwenye hatari kubwa.

Maamuzi na sababu zake

Daktari aliitwa. La kwanza aliloamua ni kuiandika historia ile kwa kalamu nyekundu juu kabisa ya kadi ya kliniki, kwa herufi kubwa: ALICHOMWA MAGNESIAMU MIMBA YA KWANZA. Sababu yake ilikuwa rahisi. Kadi husafiri na mama, na faili linabaki kabatini.

La pili lilizua mjadala. Aspirini ya dozi ndogo hupunguza pre-eklampsia kwa walio hatarini, na utafiti mkubwa wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa miligramu 150 kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi 14, zilishusha ile inayolazimisha mtoto azaliwe kabla ya wiki ya 37 kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Faida kubwa inapatikana ikianzwa kabla ya wiki ya 16, na Shirika la Afya Duniani linataka ianzwe kabla ya wiki ya 20. Mama huyu alikuwa wiki ya 21. Daktari alimwanzishia miligramu 75 kila usiku hata hivyo, kwa hoja kwamba chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kinaruhusu kuanza mpaka wiki ya 28, dawa ni ya bei ndogo, na madhara yake kwa dozi hiyo ni machache. Mimi ningefanya vilevile, ila ningemwambia mama waziwazi kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kondo kwenye mishipa ile ilikuwa imekwisha na kidonge kisitegemewe peke yake.

Kliniki ikawa kila baada ya wiki mbili. Akanunua mashine ya presha ya mkononi, ikalinganishwa na ya hospitali, akafundishwa kujipima akiwa amekaa, mkono umeegemezwa, kabla ya chai. Mpango wa kujifungulia ukawa hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Mume wake alikuwepo, na hakufurahi. "Daktari, Wamarekani wamepima wameona hatari ni ndogo. Mnamjaza dawa za nini?"

Daktari alijibu: "Baba, karatasi hii imejibu kuhusu mama ambaye hajawahi kuugua hivi. Mkeo amewahi. Wao hawakuambiwa."

Ni jibu sahihi na la heshima. Lakini lilitolewa mara moja tu, mlangoni, mgonjwa mwingine akisubiri.

Wiki ya 26 hadi ya 31

Wiki ya 26 alianza kupata kiungulia. Akaacha aspirini. Hakumwambia mtu, kwa sababu nyumbani ile karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye friji na kila mgeni aliionyeshwa. Mkunga aligundua wiki ya 29 alipoomba kuona pakiti ya dawa na kukuta imejaa. Akamrudisha kwenye dawa, akamshauri anywe baada ya chakula. Presha siku hiyo ilikuwa 128/82, bado ya kawaida, ingawa ilikuwa imepanda ukilinganisha na 118/74 ya mwanzo. Kwenye kadi hakuna maelezo yoyote kuhusu tofauti hiyo.

Wiki ya 31 alifiwa na baba mdogo. Akaenda msibani kijijini, mashine ya presha ikabaki mjini. Baada ya mazishi kichwa kikaanza kumuuma. Shangazi zake wakasema ni kulia na kukosa usingizi, akapewa uji na kuambiwa alale. Jioni akamwambia wifi yake kwamba anaona vimulimuli mbele ya macho. Wifi hakungoja baraza la wazee. Alimpandisha bodaboda mpaka zahanati.

Nesi wa zahanati alikuwa peke yake zamu hiyo. Presha ya kwanza 162/112. Alipima tena baada ya dakika 15: 166/110. Protini kwenye mkojo alama tatu. Alipofungua kadi akakuta maandishi mekundu. Anasema hapo hakuwa na la kujiuliza. Alimpa nifedipini ya kumeza, dawa ya kushusha presha, akamchoma magnesiamu dozi ya kuanzia, akaweka mpira wa mkojo, akapiga 115 kuita usafiri wa dharura wa m-mama. Wakati wanasubiri gari aliendelea kuhesabu pumzi na kugonga magoti, wifi akiwa ameshika tochi ya simu.

Hospitalini na matokeo

Alifika akiwa macho, hajapata degedege. Alipewa deksamethasoni, sindano nne za miligramu 6 kila baada ya saa 12, kuyaandaa mapafu ya mtoto, na magnesiamu ikaendelea. Presha ilitulia kidogo. Ilipatikana nafasi ya kumaliza sindano zote nne, na hiyo ndiyo iliyotafutwa. Siku ya nne chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikashuka na presha ikakataa kutii dawa. Upasuaji ukafanyika.

Mtoto wa kike, gramu 1,380, alilia mwenyewe. Kondo lilikuwa dogo kwa umri wa mimba, likiwa na sehemu ngumu zilizopauka ambako damu ilikuwa haifiki. Mtoto alibebwa kifuani ngozi kwa ngozi, mama na bibi wakipokezana, akaruhusiwa akiwa amefikisha gramu 1,900. Mama aliendelea na dawa za presha baada ya kujifungua, na ilirudi kawaida wiki ya 9.

Je, kipimo kilikosea?

Kwenye kikao cha kupitia kisa hiki wengi walitaka kusema ndiyo. Mimi sikubali, angalau si kwa maana waliyoikusudia.

Turudi kwenye zile namba za 2022. Sitasema kipimo chake kilikuwa na usahihi uleule, ila mantiki ni moja. Kuwatambua asilimia 75 maana yake katika kila wanawake 4 watakaougua, mmoja anaambiwa hana shida. Huyo mmoja yupo, ana jina na kadi, na safari hii alikuwa wetu. Kwa upande wa pili, katika kila watatu wanaoambiwa wako hatarini, wawili hawataugua. Chombo chenye namba hizi kinaweza kumwongezea mama uangalizi. Hakiwezi kumpunguzia.

Halafu kuna fomu. Makadirio ya namna hii yana maana kwa kundi la wanawake ambalo yalipimwa kwao, na jibu la hatari ya chini lilitolewa kwa mama aliyedhaniwa hana historia. Tulipoifichua historia, jibu lile lilipoteza sehemu ya miguu yake. Daktari alilisema hili kwa sentensi moja mlangoni, na ndani ya nyumba sentensi hiyo ilishindwa na karatasi yenye rangi iliyobandikwa kwenye friji. Wataalamu wa maabara wanahesabu waliokoswa na kipimo. Mimi nahofia zaidi wale wanaoacha dawa kwa sababu ya kipimo, maana hao hawamo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Tatu ni wakati. Damu ilichukuliwa wiki ya 18. Hata kama majibu yangekuja hatari kubwa, mlango mzuri wa aspirini ulikuwa umeshafungwa wiki mbili nyuma. Kipimo cha wiki ya 18 kinasaidia kujiandaa, ila kuzuia kimechelewa. Maswali matatu ya mkunga yangeweza kuulizwa wiki ya 9, bila kutoa tone la damu.

Yaliyofanya kazi na yaliyokwama

Kalamu nyekundu ilifanya kazi kuliko kitu kingine chochote. Nesi aliye peke yake usiku, mbele ya mama mwenye presha ya 166, alipewa na kadi ruhusa ya kutosubiri simu ya daktari. Magnesiamu hupunguza uwezekano wa kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Hilo lilithibitishwa mwaka 2002 kwa wanawake zaidi ya 10,000, na dawa yenyewe ilikuwa kwenye kabati la zahanati. Wifi naye anastahili kutajwa. Alikuwa amemsindikiza mama kliniki mara moja, akasikia habari ya vimulimuli, akaikumbuka.

Ufuatiliaji wa dawa ulikwama. Kati ya wiki ya 26 na ya 29 hakuna aliyeuliza, na kiungulia ni sababu ya kawaida kabisa ya mjamzito kuacha kidonge. Kupanda kwa presha kutoka 118 hadi 128 kulipita bila maelezo, kwa kuwa kliniki zetu zimezoea kushtuka penye 140/90 na si kabla. Na mpango wa safari haukuwepo. Kumwambia mtu wa Dodoma asiende msibani ni kupoteza maneno. Angeambiwa mapema kwamba akisafiri, mashine na kadi visafiri naye. Kadi alikuwa nayo kwa sababu tu huwa haitoi kwenye mkoba.

Jambo moja la vifaa. Hospitalini ilibidi kuamua kwa presha, dalili na vipimo vya kawaida vya damu. Kipimo cha uwiano wa sFlt-1 na PlGF, zile protini mbili tulizozitaja, hakikuwepo. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba uwiano wa 38 au chini yake kwa mama anayeshukiwa unaweza kuondoa shaka ya pre-eklampsia kwa wiki moja inayofuata. Kwa huyu, aliyefika tayari mahututi, usingebadilisha kitu. Lakini siku ile ya 128/82, kwa mama mwenye historia kama yake, uwiano uliozidi hapo ungeweza kutupa sababu ya kumlaza au kumwita baada ya siku chache badala ya wiki mbili. RNA inaharibika upesi, inataka damu izungushwe mapema kwenye mashine na plazma, yaani maji ya damu, igandishwe kwenye baridi kali, kisha isomwe na mashine za gharama kubwa. Protini ni imara zaidi na majibu yake hupatikana siku hiyo hiyo. Nikipewa fedha ya kuchagua kimoja kwa mikoa ya kati, nachagua protini, na fedha itakayobaki ikanunue mashine za presha za kila zahanati.

Kilichobadilishwa

Fomu ya mahudhurio ya kwanza ya kliniki ile sasa haianzi na jina la ugonjwa. Inauliza kama mama aliwahi kuchomwa sindano makalioni akiwa mjamzito, kama alisikia joto la ghafla dawa ilipoingia kwenye mshipa, kama aliwahi kuanzishiwa uchungu au kupasuliwa kwa sababu ya presha, na kama mtoto alizaliwa njiti. Mama anayejibu ndiyo kwa lolote humwona daktari siku hiyo, na akiwa hajafika wiki ya 20 aspirini huandikwa papo hapo.

Anayekuja na majibu ya kipimo cha nje hupewa muda wa kukaa na mkunga pamoja na mume au ndugu, kabla ya karatasi haijafika nyumbani. Swali la kwanza kwenye kikao hicho ni alijaza nini kwenye fomu yao.

Mama wa kisa hiki ameshauriwa apimwe presha kila mwaka, kwa sababu aliyepata pre-eklampsia ana hatari zaidi ya shinikizo la damu na magonjwa ya moyo mbele ya safari. Kama atataka mimba nyingine, aje kliniki siku atakapojua ana mimba, aspirini ianze wiki ya 12.